Habari Ina Kikao: Mwongozo wa Kufuatilia na Kueneza Taarifa za Serikali za Mitaa katika Mji Mdogo

Neno "mji mdogo" lina maana mbili ambazo huchanganywa mara kwa mara. Katika mazungumzo ya kawaida, mji mdogo ni makazi yaliyokua kuzunguka soko, stendi, kituo cha reli au njia panda mpaka yakapita kimo cha kijiji bila ya kufikia kuwa mji kamili. Katika sheria za Tanzania Bara, hata hivyo, mji mdogo ni hadhi ya kiutawala inayotolewa kwa eneo lililomo ndani ya halmashauri ya wilaya, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, na hadhi hiyo huambatana na baraza lake, mtendaji wake na vitongoji vyake. Kibaigwa katika Wilaya ya Kongwa, Mirerani katika Wilaya ya Simanjiro na Himo katika Wilaya ya Moshi ni miongoni mwa makazi yaliyojulikana kwa hadhi hiyo. Tofauti ya maana hizi mbili ina uzito, kwa kuwa ndiyo inayoamua mkazi aisikie wapi habari ya mahali pake: anayeishi katika mji mdogo wa kisheria ana kitongoji, anayeishi katika halmashauri ya mji, manispaa au jiji ana mtaa, na anayeishi katika makazi ambayo watu huyaita mji huku sheria ikiyatambua bado kuwa kijiji ana kijiji na vitongoji kwa pamoja.

Maelezo yanayofuata yanamlenga mkazi anayetaka kujua mambo ya mji wake kwa usahihi, pamoja na wale ambao wenzao huwategemea kwa habari: katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, msimamizi wa kundi la WhatsApp la mtaa, mtangazaji wa redio jamii, imamu na mchungaji wanaosoma matangazo baada ya ibada. Miji midogo haina upungufu wa habari. Habari husafiri kutoka stendi hadi kisimani kabla chai haijapoa. Kinachopungua ni asili yake. Habari ya serikali za mitaa huzaliwa katika kikao, na kila kikao halali huacha karatasi nyuma yake, kwa hiyo swali la kwanza la mfuatiliaji makini kuhusu habari yoyote ni kikao gani kimeamua, lini, na muhtasari wake umehifadhiwa wapi. Habari isiyoweza kujibu swali hilo yaweza kuwa kweli, lakini bado haijafikia hadhi ya kutangazwa.

Nani anahusika na nini

Serikali za mitaa zimetajwa katika Ibara ya 145 na ya 146 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, na leo Tanzania Bara ina halmashauri 184, zenye vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 60,000 chini yake. Vyombo hivi vilipata kufutwa mwaka 1972, wakati wa mpango uliojulikana kama Madaraka Mikoani, vikarejeshwa kwanza mijini mwaka 1978 na kisha kwa upana zaidi kutokana na sheria za mwaka 1982. Huenda ndiyo sababu mojawapo ya watu wengi kuendelea kuona serikali kuu na halmashauri kuwa kitu kimoja. Mkuu wa wilaya ni mwakilishi wa serikali kuu. Mkurugenzi mtendaji ni mkuu wa watumishi wa halmashauri na katibu wa baraza lake, naye huteuliwa na Rais. Mwenyekiti wa halmashauri ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake. Habari inayosema tu kwamba "serikali imeamua" haijasema kitu mpaka ieleze ni yupi kati ya hawa aliyezungumza na kwa mamlaka gani.

Mkanganyiko mkubwa zaidi, hata hivyo, unatokana na taasisi zinazotoa huduma ndani ya mji bila ya kuwa sehemu ya halmashauri. Mfano wa Kibaigwa unafaa, kwa sababu mji huo umekaa kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma na unajulikana kwa soko lake la mahindi. Barabara hiyo kuu, kama zilivyo barabara kuu na za mikoa kote nchini, iko chini ya TANROADS, lakini barabara inayoiacha na kuingia kwenye makazi iko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanza kazi mwaka 2017 na kuchukua jukumu ambalo awali lilikuwa la halmashauri zenyewe. Maji ya vijijini na ya miji midogo mingi yako chini ya RUWASA, wakala uliotokana na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, ambao hufanya kazi pamoja na vyombo vya watumia maji vinavyoundwa na wananchi. Umeme ni wa TANESCO. Kodi ya majengo, ambayo wengi hudhani ni ya mwenyekiti wa mtaa, hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU tangu mwaka 2021. Halmashauri hubaki na mambo kama taka, masoko, stendi, leseni za biashara, zahanati, na shule za msingi na za sekondari za serikali, ambayo si machache hata kidogo.

Mgawanyo huu una matokeo ya moja kwa moja kwa anayefuatilia habari. Shimo lililoko mbele ya soko haliwezi kuripotiwa kwa haki mpaka ijulikane barabara ni ya nani, na diwani anayelaumiwa kwa shimo la TANROADS anaonewa, ingawa anaweza kuulizwa kwa haki kabisa kama amelipeleka suala hilo katika kikao ambacho wakala huo hutakiwa kutoa taarifa. Inapendekezwa kwamba kila mfuatiliaji aandike mara moja, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake, orodha ya huduma za mji wake na mwenye dhamana ya kila moja, kisha aihakiki kwa afisa mtendaji wa kata, ambaye kwa kawaida ndiye mtu wa kwanza kujua jambo lipi limehamishiwa wapi.

Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake, zikiwemo Sheria Na. 7 na Na. 8 za mwaka 2014, na ngazi ya chini huongozwa na sheha, ambaye huteuliwa, tofauti na mwenyekiti wa mtaa au kitongoji ambaye huchaguliwa.

Mkutano mkuu na maneno yake

Chanzo cha kwanza cha habari, na ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote, ni mkutano mkuu. Katika kijiji, kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano huo, ambao unatakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na mitaa ya mijini nayo ina mikutano yake mikuu. Mikutano mingi huvunjika kwa kukosa akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali, na mkutano uliovunjika hivyo ni habari yenyewe, kwa sababu ina maana kwamba hakuna lililoamuliwa, hata kama baadaye atapita mtu akisema kwamba wananchi waliridhia.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika masuala ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, hivyo habari kwamba mwekezaji fulani "amepewa" ekari kadhaa inapaswa kufuatwa na ombi la kuona muhtasari wa mkutano ulioidhinisha, pamoja na orodha ya mahudhurio. Makazi yanayokua kuwa mji huongeza ugumu mwingine: eneo likitangazwa kuwa eneo la mipangomiji, kwa mujibu wa Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007, mashamba ya jana huanza kuonekana kwenye ramani kama viwanja, njia na maeneo ya wazi. Tangazo la namna hiyo hutolewa katika Gazeti la Serikali, chapisho rasmi la kila wiki ambamo amri na matangazo ya kisheria huchapishwa kwa namba. Mtu anayedai kwamba eneo "limeshatangazwa" aombwe namba ya tangazo na mwaka wake, kwa kuwa madalali wa viwanja huanza kupandisha bei muda mrefu kabla namba hiyo haijakuwapo.

Ndani ya mkutano, msikilizaji anapaswa kutofautisha maneno matano ambayo katika masimulizi ya baadaye hugeuka kuwa kitu kimoja. Taarifa ni maelezo ya jambo lililokwisha kufanyika au linaloendelea, na haihitaji kupigiwa kura ingawa inaweza kuhojiwa. Pendekezo ni wazo lililotolewa kwa ajili ya kujadiliwa. Azimio ni uamuzi uliopitishwa na kikao chenye akidi, nalo huandikwa katika muhtasari. Agizo hutoka ngazi ya juu kwenda ngazi ya chini na kwa kawaida huwa na barua. Ahadi, ambayo ndiyo hupigiwa makofi mengi kuliko mengine yote, ni kauli ya kiongozi inayomhusu yeye mwenyewe au ofisi yake, na haina nguvu ya azimio hata ikitolewa na mtu mwenye cheo kikubwa mbele ya umati mkubwa. Mwandishi wa taarifa ya mkutano atakayetumia maneno haya kwa nidhamu atakuwa amewasaidia majirani zake kuliko anayeandika kurasa kumi za hotuba. Kuandika kwamba "mkutano uliazimia kila kaya ichangie ujenzi wa choo cha shule" ni jambo moja, na kuandika kwamba "mwenyekiti alipendekeza" mchango huo ni jambo jingine kabisa, hasa kwa kaya itakayofuatwa mlangoni na mkusanyaji.

Mkutano mkuu ndiko pia taarifa ya mapato na matumizi inakopaswa kusomwa na kisha kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Usomaji wa haraka ni desturi iliyozoeleka, na pengine si ya bahati mbaya. Mkazi asiyeweza kunakili takwimu zote anashauriwa kunakili nne tu: fedha iliyobaki kutoka kipindi kilichopita, ambayo huitwa bakaa, jumla ya mapato ya kipindi, jumla ya matumizi, na salio. Kwa takwimu hizo nne hesabu inaweza kukaguliwa kwa kalamu, kwa kuwa bakaa ikijumlishwa na mapato kisha matumizi yakatolewa, jibu halina budi kulingana na salio lililosomwa, na salio hilo halina budi kuwa ndiyo bakaa ya mkutano unaofuata.

Kutoka kata hadi baraza la madiwani

Juu ya kijiji au mtaa kuna kata, na kikao chake muhimu ni Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni afisa mtendaji wa kata. Hapa ndipo wenyeviti wa vijiji au mitaa ya kata hukutana, na hapa ndipo vipaumbele vya miradi hupangwa kabla ya kupelekwa halmashauri. Kamati hii haivuti waandishi wa habari, jambo la kusikitisha, kwa kuwa swali la shule ipi itapata darasa na zahanati ipi itasubiri mara nyingi hujibiwa katika chumba chake na si penginepo.

Baraza la madiwani hukutana katika mikutano ya kawaida kila robo mwaka, na mikutano yake ya kawaida iko wazi kwa wananchi kusikiliza, tofauti na vikao vya kamati za kudumu, ambako mambo hujadiliwa kwa kina kabla ya kufika barazani. Mgeni wa baraza anaweza kushangaa kuona ajenda nzito ikipita kwa dakika tano. Sababu ni kwamba ilikwisha kujadiliwa katika kamati. Kwa hiyo anayehudhuria asitegemee mjadala peke yake, bali atafute kabrasha, yaani mkusanyiko wa nyaraka ambazo madiwani hupewa kabla ya mkutano, na amwombe diwani wake amwonyeshe kurasa zinazohusu kata yao. Diwani anayekataa kuonyesha taarifa ya utekelezaji ya kata yake mwenyewe ametoa habari bila kukusudia.

Tarehe za uchaguzi nazo husaidia kuelewa kauli za viongozi. Wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji huchaguliwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao mara ya mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, ilhali madiwani huchaguliwa pamoja na wabunge na Rais katika uchaguzi mkuu, uliofanyika tarehe 29 Oktoba 2025. Mwenyekiti na diwani wa eneo moja hawako katika mwendo mmoja wa kisiasa, na taarifa zao kuhusu mradi uleule zisomwe kwa kuzingatia hilo.

Fedha: kutengwa, kupokelewa, kutumika

Kama kuna sehemu moja ambapo habari za miji midogo hupotoka zaidi, ni hapa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kuishia tarehe 30 Juni. Mapendekezo kutoka ngazi za chini hukusanywa katika miezi ya mwisho ya mwaka wa kalenda, baraza la madiwani hujadili makisio mapema mwaka unaofuata, na Bunge hupitisha bajeti kati ya Aprili na Juni. Katika safari hiyo shilingi moja hupewa majina matatu tofauti. Inapoingizwa katika makisio huitwa fedha iliyotengwa. Inapofika katika akaunti ya halmashauri, ya shule au ya zahanati huitwa fedha iliyopokelewa. Inapolipwa kwa fundi au muuza saruji huitwa fedha iliyotumika. Kichwa cha habari kinachosema kwamba zahanati "imepata" shilingi milioni 50, ilhali fedha hiyo imetengwa tu, kinawafanya wakazi waanze kuuliza iliko fedha ambayo bado haijafika, na mganga mfawidhi, ambaye hajaiona, hugeuzwa mtuhumiwa katika mji ambao kila mtu anamjua.

Kwa sababu hiyo kila habari ya mradi inapaswa kujibu maswali yafuatayo hata kama hayatachapishwa yote: fedha inatoka katika mapato ya ndani ya halmashauri, katika ruzuku ya serikali kuu, kwa mfadhili au katika michango ya wananchi, kiasi gani kimetengwa na kiasi gani kimepokelewa hadi tarehe ya habari, na kazi imefikia hatua gani. Hatua nazo zina majina yake ambayo wananchi wanayajua vizuri kuliko maofisa: msingi, boma, upauaji, upigaji lipu, umaliziaji. Boma ni jengo lililofika kwenye lenta bila paa, na miji midogo mingi ina maboma ambayo wananchi waliyajenga kwa nguvu zao wakitarajia halmashauri iyapaue. Habari inayosema kwamba darasa "limejengwa" wakati ni boma inafuta jasho la waliojenga na deni la waliopaswa kupaua.

Mfano mwingine unaohitaji uangalifu ni mikopo isiyo na riba inayotolewa na halmashauri kutokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo asilimia 4 ni kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa katika mwaka wa fedha wa 2024/2025 kwa taratibu mpya, hivyo tangazo la kabla ya kusitishwa linalozungushwa leo bila tarehe linaweza kukipeleka kikundi kizima kwenye ofisi na fomu zisizotumika tena. Ushuru wa mazao ni vivyo hivyo: tangu bajeti ya mwaka 2017/2018 msafirishaji wa mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine alisamehewa ushuru huo, na katika mji wa soko taarifa kama hiyo, ikibandikwa pamoja na chanzo chake karibu na mizani, ina faida kuliko habari kumi za ziara za viongozi. Viwango vya ushuru hubadilika kwa sheria za fedha na kwa sheria ndogo, kwa hiyo kila Julai orodha ya viwango inapaswa kuombwa upya.

Mwisho wa mzunguko wa fedha ni ukaguzi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anayetajwa katika Ibara ya 143 ya Katiba, huwasilisha ripoti zake kwa Rais mwishoni mwa Machi, kisha hupelekwa bungeni, ambako Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa huzifanyia kazi. Ripoti inayohusu mamlaka za serikali za mitaa husomwa na wachache na kunukuliwa na wengi, na neno linalopotoshwa zaidi ni "hati safi". Hati hiyo, ambayo kikaguzi huitwa hati inayoridhisha, ina maana kwamba hesabu za halmashauri zimeonyesha kwa haki hali yake ya fedha kwa mujibu wa viwango vya uhasibu; haina maana kwamba kila mradi ulikuwa na thamani ya fedha iliyolipwa, wala kwamba hakuna aliyeiba. Halmashauri yenye hati inayoridhisha inaweza kuwa na orodha ndefu ya hoja za ukaguzi, na hoja hizo ndizo habari, kwa kuwa hutaja wakusanya mapato ambao hawakupeleka fedha benki, vifaa vilivyolipiwa bila kupokelewa na miradi iliyokamilika bila kutumika.

Kuusoma ubao wa matangazo

Waswahili husema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, lakini mbiu ya siku hizi hulia mara mia kwa siku kwenye simu, na kazi ya msomaji imekuwa kuamua ipi ina jambo. Tangazo rasmi la halmashauri huwa na kichwa cha barua, namba ya kumbukumbu ambayo hufupishwa kwa "Kumb. Na.", tarehe, jina na cheo cha aliyetia saini, na mara nyingi muhuri. Picha ya tangazo iliyokatwa juu au chini, ambako tarehe na saini hukaa, haifai kusambazwa hata kama maneno yake yanaonekana ya kweli. Matangazo ya ajira yana dalili yake ya pekee: ajira ya serikali haiombewi kwa kutuma fedha ya fomu kwenye namba ya simu, na yeyote anayedai malipo hayo anapaswa kupelekwa polisi badala ya kupelekwa kwenye kundi la mtaa kuulizwa kama ni wa kweli.

Ubao wenyewe, ule wa mbao wenye kioo kilichovunjika nje ya ofisi ya mtendaji, unapaswa kutembelewa kwa ratiba, mara moja kila wiki, na kila karatasi mpya ipigwe picha nzima pamoja na kingo zake. Karatasi hubanduliwa na upepo, mvua na mikono. Picha yenye tarehe hubaki.

Kuomba taarifa kwa maandishi

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio na masuala muhimu kwa jamii, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016 imeweka utaratibu wa kuitumia haki hiyo kwa raia wa Tanzania. Ombi huandikwa kwa mwenye taarifa, likieleza jina na anwani ya mwombaji na kile anachohitaji kwa ufafanuzi wa kutosha kumwezesha ofisa kukitambua, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Asiyeridhika na jibu anaweza kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi. Sheria ina mipaka, ikiwemo ya usalama wa taifa na faragha ya watu, lakini orodha ya miradi ya kata na kiasi kilichopokelewa haikaribii mipaka hiyo.

Ufanisi wa ombi hutegemea zaidi uandishi wake kuliko ukali wake. Barua inayoomba "taarifa zote za fedha za halmashauri" hujaza meza ya ofisa na kumpa sababu ya kuiacha hapo; barua inayoomba nakala ya taarifa ya mapokezi na matumizi ya fedha za ukamilishaji wa madarasa mawili ya shule iliyotajwa jina, kwa mwaka wa fedha uliotajwa, hujibiwa kwa karatasi moja. Mwombaji apeleke nakala mbili na aombe ya kwake igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa kuwa siku 30 huhesabiwa kuanzia hapo, na katika ofisi ambazo masjala yake hupoteza barua, muhuri huo ndio ushahidi pekee kwamba barua ilipata kuwapo.

Kabla ya kueneza

Mwenye kueneza habari katika mji mdogo ana mzigo ambao mwandishi wa jiji kubwa hana, kwani anaowaandika atakutana nao sokoni kesho yake asubuhi. Mzigo huo unaweza kumfanya mwoga au unaweza kumfanya makini, na njia ya kuelekea umakini ni kumpa anayetajwa vibaya nafasi ya kujibu kabla ya habari kutoka, kwa ujumbe au simu ambayo saa yake imeandikwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo, unaofanywa kwa kujua na kwa nia ya kupotosha umma, kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Msimamizi wa kundi na msambazaji wa kawaida watafanya vizuri kukumbuka kwamba maneno "nimeipokea kama ilivyo" si kinga ya uhakika.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 nayo ina nafasi yake hapa, ingawa adabu ya kawaida ingetosha. Orodha ya kaya zinazonufaika na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, huhakikiwa katika mkutano wa wananchi kwa sababu jamii inahitaji kujua kama wanaostahili ndio walioandikwa. Kuipiga picha orodha hiyo na kuisambaza katika makundi ya wilaya nzima ni kutangaza umaskini wa watu kwa wasiohusika. Majina ya wagonjwa, ya watoto na ya waathirika wa ukatili hayatajwi kabisa. Tangazo la msiba lisitolewe kabla ya msemaji wa familia kuridhia, hata na mtu aliyekuwapo hospitalini, kwa maana kuna ndugu walio safarini ambao hawapaswi kuupata msiba kupitia simu ya jirani.

Kosa likitokea, masahihisho yawekwe palepale kosa lilipowekwa, kwa uzito uleule, yakitaja kilichokosewa na kilicho sahihi. Kufuta ujumbe kimyakimya hakurekebishi kitu, kwa kuwa nakala zake zimekwisha kuhamia kwenye makundi ambayo aliyeuandika hayumo.

Kumbukumbu hizi zote hutunzwa vizuri zaidi katika daftari la kawaida la kaunta, lenye safu nne: jambo, kikao kilichoamua na tarehe yake, karatasi inayothibitisha, na kilichofanyika hadi sasa. Safu ya nne huachwa wazi mpaka kikao kinachofuata, na hujazwa kwa penseli kwanza. Darasa lililotengewa fedha Julai ambalo fedha yake haijapokelewa hadi Machi litakuwa na safu hiyo wazi bado, ikiwa imeandikwa tarehe tu za mikutano ambako liliulizwa na jina la aliyejibu.